Hesabu ya Usiku katika Msitu wa Yangambi

Mtu akikuambia kwamba msitu fulani unafyonza hewa ukaa, muulize amepima vipi. Njia ya kale ni utepe: mtafiti anapima unene wa shina, anaweka alama ya rangi, anarudi baada ya miaka kadhaa kupima tena. Utafiti uliotoka mwaka 2020 katika jarida la Nature ulikusanya vipimo vya namna hiyo kutoka viwanja 244 katika nchi 11 za Afrika, ukaonyesha kwamba kwa miongo mitatu hadi mwaka 2015 kila hekta ya msitu usiovurugwa ilijiongezea wastani wa tani 0.66 za ukaa kwa mwaka. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini utepe hauoni yanayotokea ndani ya udongo, wala hauwezi kusema msitu ulifanya nini wiki ile mvua ilipokatika.

Ndiyo maana mnara wa Yangambi, unaopima gesi inayoingia na kutoka msituni, una thamani kubwa. Umesimama karibu na mto Kongo, kilomita zipatazo 100 magharibi mwa Kisangani, ukiwa na urefu wa mita 55, juu ya vilele vya miti. Ni wa kwanza wa aina yake katika msitu wa mvua wa Bonde la Kongo, na unaendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji na INERA, taasisi ya Kongo ya utafiti wa kilimo.

Juu kabisa kuna kifaa chenye jozi tatu za vichwa vidogo vinavyotumiana mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Mlio unaokwenda na upepo hufika mapema. Unaokwenda kinyume chake huchelewa. Kwa tofauti hiyo ndogo kifaa hujua hewa inakwenda wapi na kwa kasi gani, ikiwa ni pamoja na kupanda na kushuka. Kando yake kingine husoma kiasi cha hewa ukaa na mvuke kwa miale ya infraredi. Vifaa vya namna hii husoma mara 10 au zaidi kwa sekunde, yaani angalau mara 18,000 kila nusu saa. Mchana, hewa inayoshuka kuelekea kwenye majani huwa na hewa ukaa nyingi kuliko inayopanda, kwa sababu majani yameshachukua sehemu yake. Tofauti hiyo, ikizidishwa na mwendo wa hewa, ndiyo mabadilishano tunayoyatafuta.

Kwa mchana, njia hii inafanya kazi vizuri. Shida iko usiku.

Msitu wa tropiki huweza kuchukua takriban tani 30 za ukaa kwa hekta kwa mwaka kupitia usanisinuru, kisha karibu zote zikarudi angani kwa upumuaji wa majani, mashina, mizizi, kuvu na bakteria. Ni kama duka la jumla: mzigo mkubwa unaingia, mkubwa unatoka, na faida ni kidogo mno. Ukisahau kuandika mauzo ya usiku, daftari litakudanganya. Na usiku upepo hutulia. Hewa baridi hulala chini ya miti pamoja na gesi iliyopumuliwa, nyingine ikiteremka taratibu kufuata mteremko hadi bondeni bila kufika kwenye kifaa kilicho juu. Mnara unasoma pumzi ndogo, na msitu unaonekana mfyonzaji hodari kuliko ulivyo.

Hapo ndipo watafiti waliokwishapata shahada ya uzamivu hutumia miaka yao. Hupima gesi katika vimo mbalimbali vya mnara ili kujua kiasi kilichojikusanya chini. Hutupa vipimo vya usiku ambao hewa ilitulia kupita kiasi, kisha hujaza mapengo kwa kutumia usiku wenye upepo, joto na unyevu wa udongo. Lakini utulivu wa kiasi gani ndio umezidi? Mpaka huo ukisogezwa kidogo, salio la mwaka mzima nalo husogea. Kwa maoni yangu, takwimu yoyote ya ukaa isiyotaja mpaka huo haijakamilika, hasa sasa ambapo ukaa wa misitu yetu unauzwa.

Shahidi wa pili ni chemba: pete iliyochomekwa ardhini, ikafunikwa kwa dakika chache huku gesi ikipimwa jinsi inavyoongezeka ndani. Chemba husaidia pia kwa methani, gesi ambayo udongo mkavu wa msitu huifyonza, ilhali kinamasi huitoa.

Na vinamasi si jambo dogo huko. Mboji ya Cuvette Centrale, katikati ya Bonde la Kongo, ilikadiriwa mwaka 2017 kuwa na tani bilioni 30 hivi za ukaa. Mnara mmoja huona msitu ulio upande upepo unakotokea tu, na hauwezi kuusemea udongo uliojaa maji mamia ya kilomita kutoka hapo, wala mashamba yaliyoachwa yapumzike kandokando ya Kisangani. Minara ijayo ningependa isimikwe huko kwanza, pamoja na mafundi wakazi wa kuvifuta vioo vya vifaa kila mvua inapokatika.