Kebo Mbili, Swichi Mbili, Soketi Moja

Malori ya shaba kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi hupita Likasi. Ukijenga barabara ya pili, malori mengi zaidi yatapita kwa siku, ila hakuna lori litakalofika mapema kwa sababu hiyo. Kufunga pamoja kebo mbili za gigabiti moja kati ya seva na swichi ni hivyohivyo. Wengi hutegemea faili lao kubwa likimbie kwa gigabiti mbili. Wapi! Swichi hupiga hesabu juu ya anwani za mtumaji na mpokeaji, kisha mawasiliano yao yote hupitia kebo ileile, fremu zisije zikafika shaghalabaghala. Faida huonekana watumiaji wakiwa wengi.

Ukichomeka kebo mbili bila mpango, unatengeneza kitanzi. Fremu ya Ethernet haina kikomo cha safari: huzunguka na kuzaliana mpaka mtandao wote uzimie. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni itifaki inayofunga njia ya ziada, hivyo kebo uliyoilipia ikawa inakaa bure. Kiwango cha 802.3ad cha mwaka 2000 kiliziruhusu zote zifanye kazi kama kebo moja, mradi ziishie kwenye swichi moja. Swichi hiyo ikiungua, umebaki na kebo mbili nzima na huna mtandao.

Dawa yake ni ujanja kidogo. Swichi mbili huitumia seva kitambulisho kimoja, nayo huamini inaongea na kifaa kimoja. Zenyewe hupashana habari kwa kebo yao ya katikati. Kebo hiyo ikikatika, kila swichi inaweza kudhani mwenzake amekufa, zote zikajifanya wakubwa. Ndiyo maana huwekwa njia nyingine ndogo ya kuulizana tu, “Upo?” Mwenzake akijibu, swichi iliyopangwa kuwa ya pili hufunga milango yake. Nunua zote mbili za kampuni moja, kwani kila mtengenezaji ana namna yake.

Kuna pia suala la umeme. Likasi ni jirani wa bwawa la Mwadingusha, linalozalisha umeme tangu 1930, lakini ujirani huo hauzuii umeme kukatika. Swichi mbili zilizochomekwa kwenye betri moja ya akiba huzimika pamoja, hata ungezisanidi kwa ustadi gani. Kila moja ipewe betri yake na waya wake wa umeme. Fedha zikitosha kitu kimoja tu, anza na betri. Swichi ya pili itasubiri.