Mwamuzi Mpya na Woga wa Mechi ya Kwanza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizipitia sheria 17 za soka na kuona kwamba mwenye nia huzielewa. Leo tuingie kwenye jambo ambalo kozi nyingi za uamuzi huligusa juu juu, nalo ni woga. Kijana amefaulu nadharia, amepita majaribio ya kukimbia, halafu anapangiwa mechi ya ndondo ya mtaani Jumapili jioni. Mashabiki wamesimama hatua mbili kutoka kwenye mstari, na koo linamkauka.

Kumwambia mtu huyo ajiamini hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kazi. Afike mapema, akague nyavu na vibendera vya kona, apime kwa hatua alama ya penalti ambayo inapaswa kuwa mita 11 kutoka golini. Akae na waamuzi wasaidizi wakubaliane ishara. Mwenye shughuli mikononi hapati muda wa kuhesabu macho yanayomtazama.

Mpira ukianza, woga huonekana kwanza kwenye kipenga. Kikilia kwa unyonge, wachezaji wanajua papo hapo kwamba mtu huyu anaweza kusukumwa. Faulo ya kwanza ipulizwe kwa nguvu, mkono unyooke kuelekea upande timu iliyochezewa rafu inakoshambulia, na wewe uwe umeshafika karibu na tukio. Nasisitiza huo ukaribu. Uamuzi wa kutoka mita 10 hupingwa kidogo kuliko wa kutoka mita 40, hata kama yote ni sahihi. Ndiyo maana waamuzi hufundishwa kukimbia kwa mshazari, utaratibu ulioenezwa na Mwingereza Stanley Rous: mpira unabaki kati yako na msaidizi wako, na macho ya watu wawili hulitazama tukio kutoka pande mbili.

Kadi nazo zina mtego wake. Mwamuzi wa zamani Ken Aston alizibuni ili uamuzi ueleweke na kila mtu bila kujali lugha, na zilianza kutumika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico. Lakini kadi iliyoonyeshwa bila kuandikwa vizuri ni hatari. Mwaka 2006 mjini Stuttgart, katika mechi ya Croatia na Australia, Graham Poll wa Uingereza alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi ya njano mara tatu kabla ya kumtoa. Kadi ya pili aliiandika upande wa Australia, kwa mchezaji mwenye jezi namba 3 kama Šimunić. Poll alikuwa miongoni mwa waamuzi bora wa wakati wake. Basi wewe mpya usione haya kusimama: mtenge mchezaji na wenzake, soma namba mgongoni, andika timu na dakika, ndipo unyanyue kadi. Kelele za jukwaani zisubiri.

Na utakosea. Sheria ya 5 inakuruhusu kubadili uamuzi ukigundua kosa, mradi mchezo haujaanza tena. Ukishaanza, jambo limekwisha. Kosa baya kuliko yote ni lile la pili, la kuipa timu iliyoonewa penalti ya bure ili kusawazisha. Hapo umeziumiza timu zote mbili, na wachezaji hawasahau.

Lipo jukumu lisilo la mwamuzi mwenyewe. Vijana wengi huacha kipenga mapema kwa sababu ya matusi, si kwa kushindwa sheria. Viongozi wa vyama vya soka vya wilaya, msimpangie mwamuzi mpya mechi ya watani wa jadi kabla hajazoea. Mwanzisheni na mechi za watoto, mpeni mkongwe wa kukaa naye wakati wa mapumziko, na mhakikishe amani uwanjani kabla hamjamkabidhi mpira.