Mji Uliozaliwa na Kiwanda

Karibu na Detroit, katika nchi ya Marekani, palikuwa na kijiji kiitwacho Highland Park. Mwaka 1910, Henry Ford alipofungua kiwanda cha motakaa hapo, wenyeji walikuwa 4,120. Tangu 1913 motakaa ilikokotwa polepole mbele ya mafundi, kila mmoja akitia kipande kile kile kutwa nzima. Kazi hiyo ilichosha, wala si ajabu kwamba wengi waliiacha. Basi mwaka 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, takriban maradufu. Watu wakamiminika; mwaka 1920 walikuwa 46,499. Mwaka 1927 kazi ya motakaa ikahamishiwa Dearborn. Baadaye watu wakatawanyika, kodi ikapungua. Mwaka 2011 mji ulishindwa kulipa deni la umeme. Taa nyingi za barabarani ziking'olewa pamoja na nguzo zake.