Mwalimu wa UPE wa Nkome

Huku Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, wasifu wa marehemu husomwa harakaharaka. Watu wamebanana chini ya turubai, kaburi liko tayari, na wageni wengine wanawahi kivuko cha kurudi Chato. Ndiyo maana ualimu wa bibi yangu, kazi ya zaidi ya miaka arobaini, uliambulia sentensi moja: aliajiriwa na serikali kama mwalimu wa daraja la III C, akastaafu akiwa III A. Sisi vijana hatukusikia kitu. Wazee walitazamana wakatabasamu, maana wao wanaijua C hiyo ilikotoka.

Ilitoka Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana huko ikaazimia kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974. Mwaka 1981 walikuwa wamefika milioni 3.5. Walimu wa kuwapokea watoto hao wote hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu vijijini wakiwa tayari wameshika chaki. Takriban 35,000 walihitimu kwa njia hiyo, kwa daraja la III C. Mpango uliitwa UPE (Universal Primary Education), yaani elimu ya msingi kwa wote, na wao wakaitwa walimu wa UPE mpaka wanaingia kaburini.

Bibi alimaliza la saba mwaka 1975. Haukupita muda akawa anafundisha darasa la kwanza katika shule aliyosomea mwenyewe, akiamkiwa “shikamoo mwalimu” na mdogo wake wa tumbo moja. Asubuhi alifundisha, mchana akawa mwanafunzi mbele ya mwalimu mkongwe, akisoma vitabu vilivyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Chuo chenyewe alikiona kwa wiki chache tu, mwishoni. Redio ilikuwa moja. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo; zikifa kabisa zilivunjwa, makaa yake yakasagwa na kuchanganywa na majani mabichi yaliyopondwa, ubao ukapakwa ukawa mweusi upya. Alikuwa akituonyesha vidole vyake na kudai weusi ule haujatoka hadi leo. Sidhani kama ilikuwa kweli.

Ila kilichomtofautisha na wenzake, kwa maoni yangu, ni daftari la mahudhurio. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala. Watoto wa mwaloni wanaishi kwa kalenda hiyo. Giza likiingia, wavulana wanakesha ziwani na wasichana wanaamkia kuanika, na darasani madawati yanabaki matupu. Wenzake walichapa. Yeye alikaa na daftari, akaona mapengo yanarudi kila mwezi kwa zamu ileile, akapanga azimio lake la kazi kwa kufuata mbalamwezi: kugawanya na sehemu zifundishwe wakati mitumbwi imelala, marudio na nyimbo wakati wa giza. Mkaguzi mmoja alipomuuliza mbona mada zimerukaruka, alimwambia arudi usiku atazame juu. Nimesikia kisa hicho kwa watu wengi, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, lakini mvuvi mmoja mzee aliniambia kugawanya anakujua kwa sababu hiyo tu.

Jioni kulikuwa na kisomo cha watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1986 serikali ilisema wamebaki kama asilimia 10. Kanda hii ya Ziwa ilitangulia: mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwa na makao yake Mwanza tangu 1968, na vitabu vyake vilifundisha herufi kupitia pamba. Mkulima alitaka kusoma mizani ya karani kwa macho yake. Bibi alisema hajawahi kupata wanafunzi wenye bidii kama wale, wala wabishi kama wale.

Mjini walicheka. UPE, walisema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli ile ilikuwa na ukweli ndani yake: darasa la watoto themanini chini ya binti wa miaka kumi na saba haliwezi kuwa sawa na la mwalimu aliyepikwa chuoni. Lakini kama si binti yule, mbele ya watoto themanini asingesimama mtu yeyote. Miaka ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, baada ya 2002, yeye na wenzake wa C waliwekwa kwenye mafunzo kazini, MUKA, wapande hadi III A. Akasoma usiku, miwani puani, pamoja nasi wajukuu sita.

Tulikuwa kwake kwa sababu dhahabu ilikwisha kuwachukua wazazi wetu, wengine machimbo ya Nyarugusu, wengine ya Rwamgasa. Kabla ya ugali lazima mmoja asome kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Habari ikikatikia kwenye mchaniko, msomaji aimalize kwa kichwa chake, na bibi anatoa maksi.

Hakuacha hata alipopata simu. Nikiwa Geita mjini nilimtumia ujumbe: “Xaxa bibi, cjui ntakuja lini.” Kimya, siku tatu. Nikauandika upya kwa Kiswahili kilichonyooka, jibu likaja papo hapo: “Nane juu ya kumi. Umesahau nukta na umesahau shikamoo. Njoo Jumamosi, na sukari.”