Je, Wajua? Nikotini hupita kwenye ngozi
Mchuma tumbaku wa Chunya, Mbeya, au wa Iringa anaweza kudhurika kwa nikotini bila kuvuta hata sigara moja. Jani likilowa umande, nikotini hupenya ngozi. Kichefuchefu na kizunguzungu hufuata, na mjamzito hudhani ni mimba tu. Plasta ya nikotini, ya kumsaidia mtu kuacha sigara, hutumia njia hiyo hiyo, ila kwa kipimo, tena bila moshi unaomnyima mtoto aliye tumboni oksijeni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza tiba hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwili wa mjamzito huimaliza nikotini upesi, hivyo kipimo apange daktari. Nchini Uingereza, mjamzito huambiwa aibandue plasta usiku. Na ugoro wa bibi? Moshi hauna, lakini nikotini yake humfikia mtoto vilevile.