Ua wa saruji, gunia la maharage na mtoto wa mbwa

NAMANGA. Mzigo uliolala stoo una maadui wengi: mvua, panya, na mwizi aliyeona lori likishusha jioni. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa mpakani, upande wa Tanzania na wa Kenya, huchukua mtoto wa mbwa wamlee uani awe mlinzi. Shida inayofuata huwa hawajaiwekea hesabu. Mbwa huyo anajisaidia wapi, katika nyumba isiyo na hata jani moja la nyasi?

Mama mmoja anayevusha maharage kwenda Kenya amepanga chumba na stoo katika nyumba ya vyumba sita vinavyozunguka ua mmoja wa saruji. Choo, bomba na kamba za nguo ni vya wote. Mbwa alifika akiwa na miezi miwili, akatandikiwa gunia kuukuu kando ya mlango wa stoo liwe choo chake. Wiki ya pili alikuwa ameshajua. Kisha siku moja mlango wa stoo ukaachwa wazi. Mbwa akaingia moja kwa moja, akakojolea magunia ya chini. Mteja aliyekuja kesho yake alinusa, akakataa mzigo. Naye mwenye nyumba, ambaye majirani walikuwa wamemlalamikia harufu, akatoa muda hadi mwisho wa mwezi: mbwa ajue adabu au aondoke.

Mbwa mwenyewe alikuwa ametii. Alifundishwa kukojoa kwenye gunia, akakojoa kwenye gunia.

Mtoto wa mbwa huzaliwa hawezi kutoa haja peke yake; mama yake humlamba tumboni ndipo atoe. Akifika wiki tatu hivi huanza kutoka kwenye malalo yake ili ajisaidie, na karibu na miezi miwili huwa anazoea kile anachokihisi chini ya nyayo. Aliyezoea nyasi hutafuta nyasi, wa mchanga hutafuta mchanga. Kwa hiyo mwenye ua wa saruji anachagua mahali, na pia anachagua kitu cha kukanyagwa. Kwa mfanyabiashara, kitu hicho kisiwe kile kinachojaa stoo. Gunia halifai, boksi halifai, wala marobota ya mitumba. Gazeti hufyonza mkojo vizuri, hili likiwamo, ila anayeacha daftari na risiti sakafuni afikiri mara mbili.

Kinachobaki ni mchanga, au maranda ya fundi seremala. Mama huyo alipasua dumu la lita 20 kwa urefu, akakunja kingo zisimkate mbwa, akajaza mchanga kina cha vidole vinne na kuliweka kona iliyo mbali na chakula na malalo. Kitambaa kilichofuta mkojo kilipitishwa juu ya mchanga ili mbwa ainuse harufu yake pale.

Kazi kubwa ni saa. Mtoto wa mbwa hujisaidia akiamka, akimaliza kula, akitoka kucheza na kabla ya kulala. Kwa makadirio, anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili ana saa mbili. Mtu anayetoka alfajiri kuwahi foleni ya forodha na kurudi jioni hawezi kumfundisha peke yake, hata awe na nia gani. Hapa ilibidi kuelewana na binti wa chumba cha jirani: ampeleke kwenye mchanga, angoje, na akimaliza tu ampe kichwa cha dagaa. Dagaa likichelewa hata dakika moja, mbwa hajui amesifiwa kwa lipi.

Wapo wanaomchapa au kumsugua pua kwenye kinyesi. Anachojifunza mbwa ni kujificha, na katika stoo maficho ni nyuma ya mzigo, ambako harufu hugunduliwa baada ya wiki.

Saruji nayo hunywa mkojo. Dawa za usafi zenye amonia hunukia kama mkojo na humrudisha palepale. Siki iliyochanganywa na maji hufaa, lakini isikutane na dawa ya klorini, kwani hutoa hewa yenye sumu. Kinyesi kizolewe kila siku kiende chooni, si kwenye mfereji. Mayai ya baadhi ya minyoo ya mbwa huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo anayezoa mapema amewapunguzia hatari watoto wa ua mzima. Na penye majirani Waislamu, anapopita mbwa panahitaji makubaliano, hasa karibu na bomba la kutawadhia.

Ua huo una faida moja. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na mbwa ambaye hajamaliza chanjo yuko salama zaidi kwenye saruji iliyooshwa kuliko barabarani.

Tarehe ya kodi mwenye nyumba alipita. Alisimama kwenye mlango wa stoo, akanusa, akahesabu pesa zake, akaondoka bila kumtaja mbwa.