MAELEZO KWA WASAFIRI: SAFARI YA SIKU MOJA KWA BOTI KATIKA VISIWA VYA ZIWA NYASA, MKOA WA RUVUMA

Wananchi na wageni wanaokusudia kwenda kuogelea kwa miwani na mrija katika visiwa vya Ziwa Nyasa wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kufunga safari. Yametayarishwa zaidi kwa ajili ya mkaazi wa visiwani na wa pwani, ambaye bahari anaijua tangu utotoni, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo anaweza kulidharau ziwa. Aliyezoea kwenda Mnemba asubuhi na kurudi adhuhuri, au aliyekwisha kuyaona matumbawe ya Chumbe, atakuta huko mambo matatu yasiyofanana na ya kwao: upepo, maji yenyewe na samaki. Mambo mawili ya mwanzo yanahusu uhai wa msafiri. La tatu linahusu uhai wa viumbe anaokwenda kuwatazama.

1. Mahali penyewe

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Urefu wake unazidi kilomita 550, upana wake mahali palipo papana zaidi ni kilomita 75 hivi, na kina chake kinafika takriban mita 700. Tanzania, Malawi na Msumbiji zote zina mwambao katika ziwa hili. Mwambao wa Mkoa wa Ruvuma ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay.

Msafiri atokaye Songea hupita kwanza Mbinga, mji wa milimani ulio umbali wa kilomita 100 hivi, kisha huteremka kwa barabara ya lami ya kilomita 66 hivi hadi Mbamba Bay. Kutoka hapo, visiwa vinavyotembelewa kwa boti viko upande wa kaskazini: Kisiwa cha Lundo, na kisiwa kidogo cha Hongi kilicho karibu na Liuli. Liuli ndiyo bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali la ufukweni ambalo umbo lake liliwakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Ieleweke kwamba visiwa vya Likoma na Chizumulu, ingawa vipo karibu na mwambao wa mashariki, ni vya Malawi. Mwenye kwenda huko anavuka mpaka, na anapaswa kuwa na hati ya kusafiria na kupita kwa maofisa wa uhamiaji. Hivyo basi, visiwa hivyo havimo katika safari inayoelezwa hapa.

2. Upepo na chombo

Upepo wa kusi unaovuma visiwani katikati ya mwaka una ndugu yake ziwani, na wenyeji humwita Mwera. Hutoka kusini-mashariki, na nguvu zake huonekana zaidi kati ya mwezi wa Mei na Agosti. Ukisha kuanza unaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Kwa kuwa ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini ndani ya Bonde la Ufa, lenye milima huku na huku, upepo huo hupita kama maji ndani ya mfereji, na mawimbi hujikusanya kwa mwendo mrefu kabla ya kufika Mbamba Bay.

Baharini, wimbi kubwa mara nyingi ni refu, na chombo hulipanda na kulishuka kwa utaratibu. Wimbi la ziwani ni fupi, limesimama, na hufuatwa mara moja na jingine. Boti iendayo kasi hurushwa juu ya wimbi la kwanza na kuangukia la pili. Abiria huumia migongo, na maji huingia mbele. Nahodha mwenye busara hupunguza mwendo. Lakini mwendo ukipungua, safari iliyokadiriwa kuwa ya saa moja huweza kuwa ya saa tatu, na mafuta yaliyopimwa kwa saa moja hayatoshi. Boti iliyozimikiwa mashine hugeuzwa ubavu na upepo, na hapo ndipo hatari huanza. Kwa sababu hii mabaharia wana kanuni ya mafungu matatu: fungu moja la mafuta la kwendea, fungu moja la kurudia, na fungu la tatu lisiloguswa isipokuwa kwa dharura.

Wakaazi wa Zanzibar, waliofikwa na msiba wa MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kilichopakia kupita kiasi. Ziwa Nyasa nalo lina msiba wake. Meli MV Vipya, iliyokuwa mpya kama jina lake, ilizama katika hali mbaya ya hewa tarehe 30 Julai 1946, na watu 145 walipoteza maisha. Tarehe hiyo imo ndani ya majira ya Mwera. Ikiwa meli ya abiria ilishindwa, msafiri asitegemee kwamba boti ya watu wanane itasalimika kwa sababu tu ina mashine yenye nguvu.

Miezi iliyo bora kwa safari hii ni Septemba hadi Novemba, Mwera ukisha kupungua na mvua zikiwa bado hazijashika. Katika siku yenyewe, asubuhi mara nyingi huwa shwari kuliko alasiri. Aidha, ziwani hakuna bamvua wala maji mafu. Maji hupanda na kushuka kwa majira ya mwaka, siyo kwa saa. Kwa hiyo mgeni hana haja ya kungojea maji yajae ili aondoke. Anachopaswa kukitazama ni upepo.

3. Maji matamu

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, na ya maji ya ziwa gramu 1,000. Tofauti hiyo ni ndogo katika mizani, lakini mwili huihisi. Mtu aliyezoea kujilaza juu ya maji ya chumvi bila ya jitihada ataona kwamba ziwani miguu yake inazama, na kwamba huchoka mapema zaidi. Inashauriwa kila mwenye kuogelea, hata awe hodari, avae jaketi okozi au ashikilie boya, na asiende mbali na boti peke yake.

Jambo la pili ni kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huu hukulia ndani ya konokono wa maji matamu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini, bila ya kumuuma na bila ya yeye kujua. Hatari ni kubwa zaidi katika maji ya kina kifupi yaliyotulia, kwenye majani na matete, na karibu na mahali watu wanapofua na kuoga. Katika maji yenye kina, pembeni mwa miamba iliyo mbali na makazi, hatari hupungua ingawa haiishi kabisa. Kwa hiyo ni vyema kuingia majini kutoka kwenye boti, siyo kutoka ufukwe wa kijiji, na kujikausha kwa taulo mara tu baada ya kutoka. Wiki sita hadi nane baada ya safari, au baadaye, msafiri aende kituo cha afya akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu; ugonjwa ukiachwa bila ya kutibiwa huharibu kibofu, ini na utumbo.

Vile vile, midomo ya mito na mahali penye matete ni makao ya mamba na viboko. Wenyeji huyajua maeneo hayo. Neno la mvuvi wa hapo lichukuliwe kuwa ni amri, hata kama maji yanaonekana kuwa safi na matulivu.

4. Samaki wa mwamba

Mgeni asitarajie matumbawe. Chini ya maji ya Lundo na Hongi ni mawe matupu, makubwa kwa madogo, yaliyofunikwa na utando wa kijani. Uzuri wote uko katika samaki. Ni wadogo, wengi wao wa urefu wa kidole au kiganja, wenye rangi ya buluu, manjano na machungwa, na milia myeusi. Huitwa mbuna, nao ni wa jamii moja na perege na sato. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hakuna ziwa jingine linalojulikana kuwa na aina nyingi zaidi za samaki.

Sababu ya wingi huo ndiyo sababu ya udhaifu wao. Mbuna wengi hula utando ulio juu ya jawe na hujificha katika nyufa zake. Jike hutaga mayai machache tu, huyatia kinywani, na huyatunza humo kwa muda wa wiki tatu hivi mpaka watoto waweze kujitegemea. Samaki wa namna hii hathubutu kuvuka mchanga mtupu wala kilindi kwenda mwamba mwingine, kwani njiani hana pa kujificha. Hivyo, katika maelfu ya vizazi, watu wa mwamba mmoja, tukiruhusiwa kuwaita hivyo, wamekuwa na rangi yao na watu wa mwamba wa pili rangi yao. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani humjua samaki mmoja kwa jina la Hongi, ingawa wengi wao hawajui kwamba hilo ni jina la kisiwa kidogo cha Tanzania.

Maana yake kwa msafiri ni hii: kinachoharibiwa katika mwamba mmoja huenda kisipatikane kwenye mwamba wa jirani. Nanga inayoburuzwa hupindua mawe na kuziba nyufa. Mafuta yanayomwagika hukaa juu ya ghuba. Jike anayekimbizwa huweza kuyatema mayai yake. Samaki anayechukuliwa mwamba huu na kutupwa mwamba ule huchanganya kilichotengwa kwa muda mrefu sana.

Yapo pia mambo ambayo msafiri hayaoni akiwa majini. Akiteremka kutoka Mbinga ataona mashamba ya Wamatengo yenye vishimo vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki. Hayo ni mashamba ya ngoro, na kazi ya vishimo hivyo ni kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo wa mteremko. Udongo unaobaki shambani haufiki ziwani. Ule unaofika hufunika utando wa mawe, na mbuna hukosa chakula. Hivyo mkulima wa mlimani, bila ya kushika kasia, ni miongoni mwa walinzi wa samaki hawa.

Samaki nao humlinda mtu. Wako katika ziwa hili samaki wanaokula konokono. Katika mwambao wa kusini, upande wa Malawi, watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na kupungua kwa samaki hao kutokana na uvuvi uliopita kiasi karibu na fukwe. Kokoro na vyandarua vya mbu vinavyokomba kila kitu ufukweni havimalizi kitoweo tu. Huondoa pia kinga ya watoto wanaooga hapo.

Malawi ilianzisha hifadhi ya taifa katika sehemu yake ya ziwa mwaka 1980, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1984. Katika mwambao wa Ruvuma, ulinzi wa kila siku umo zaidi mikononi mwa wanavijiji na vikundi vyao vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kwa hiyo mgeni apige hodi kwa uongozi wa kijiji kabla ya kwenda kisiwani, kama ambavyo angepiga hodi kwenye nyumba ya mtu.

5. Mambo ya kuzingatia

Msafiri anaombwa kuhakikisha yafuatayo:

(a) Ausikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni kabla ya safari na tena asubuhi, na aulize wavuvi.

(b) Aulize kama boti imekaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na idadi ya abiria inayoruhusiwa.

(c) Jaketi okozi liwepo kwa kila mtu, watoto wakiwa na ya kimo chao, na livaliwe tangu kuondoka.

(d) Jina la nahodha, idadi ya abiria na saa ya kurudi viachwe kwa mtu aliye nchi kavu. Simu isitegemewe peke yake.

(e) Safari ianze mapema, na boti iwe imerejea kabla ya alasiri kuingia.

(f) Mashine izimwe kabla ya mtu yeyote kuingia majini, kwani rafadha haichagui.

(g) Nanga ishushwe mchangani, siyo juu ya mwamba.

(h) Pasichukuliwe samaki wala jiwe, na taka zote zirudi na boti.

Mwisho, wasafiri wanakumbushwa kwamba nahodha anayesema "leo hatuendi" hamnyimi mteja haki yake. Anaitimiza kazi aliyolipwa kuifanya. Asilazimishwe kwa kuongezewa fedha, wala asilaumiwe kwa sababu mgeni amebakiwa na siku moja tu. Mwamba wa Lundo hauondoki, na upepo hupita. Atakayekubali kungoja atakwenda siku nyingine na kurudi salama, na atawaacha mbuna mahali alipowakuta.